Nyekundu Iangalie Mlima

Kreti kumi na tisa za maembe ya Bartholomew Kisilu zilikuwa zimelala langoni mwa kiwanda kwa siku mbili chini ya jua la Januari, na Ijumaa asubuhi alipopigiwa simu kuambiwa kwamba zimeanza kutoa maji, alikata simu. Alivaa suruali yake ya kaki iliyopigwa pasi, akafunga vifungo vya shati hadi kooni kama mapadri wa misheni walivyomzoesha zaidi ya miaka hamsini iliyopita, akaipita chai mezani kana kwamba imemkosea.

"Leo unaenda kumfokea nani?" mkewe Peris alimuuliza kutoka mlango wa jikoni.

"Sifoki. Naenda kumuuliza Ndanu maswali."

"Maswali yako nayajua, baba Mumo. Nimeyajibu miaka arobaini na minne. Kunywa chai kwanza, umuulize ukiwa na kitu tumboni."

Hakunywa. Alipanda pikipiki ya kwanza iliyosimama, akamwambia mwenye pikipiki asiongee naye njiani.

Kiwanda hicho, kilichokuwa Katelembo chini ya mlima, kilikuwa mali ya ushirika wa wakulima wa Kalama na wa vijiji vya jirani. Mwaka uliotangulia wanachama walikubaliana kujenga chumba kikubwa cha baridi na mtambo wa kukamua maembe. Na kwa kuwa mitambo hiyo ilihitaji umeme mwingi, walijenga pia kituo chao wenyewe cha kuupooza: transfoma moja kubwa ndani ya ua wa waya, inayopokea umeme wa volti elfu thelathini na tatu na kuutoa ukiwa wa volti elfu kumi na moja. Msimu wa maembe ulipofunguliwa, balaa nayo ilifunguliwa. Kila mara kompresa kubwa ya chumba cha baridi ilipowashwa, rilei iliyowekwa kuilinda transfoma ilikata kila kitu. Mara saba katika wiki tatu. Taa zilizimika, mikanda ya mtambo ikasimama, na maembe yaliyokuwa yamepoa yakaanza kupata joto.

Fundi mkuu wa kituo alikuwa Ann Ndanu, mwanamke wa miaka thelathini na minne. Hapo ndipo palipomchoma Bartholomew. Alikuwa amemfundisha Ndanu kazi ya kinga za umeme kwa miaka tisa, katika kituo kikubwa karibu na mji wa Machakos ambako yeye mwenyewe alikuwa msimamizi hadi alipostaafu. Ni yeye aliyesimama mbele ya kamati ya ushirika akasema, mchukueni huyu, hamtajuta. Kwa hiyo kila rilei ilipokata, watu hawakusema tu kwamba Ndanu ameshindwa. Walisema mtu wa Kisilu ameshindwa.

Langoni aliwakuta wakulima zaidi ya thelathini, na nzi wasio na hesabu. Maji ya maembe yalikuwa yamechora mfereji wa rangi ya dhahabu kutoka kwenye kreti hadi barabarani.

"Mzee Kisilu!" Ndunda, jirani yake wa Kalama ambaye hakuwahi kuikosa nafasi ya kumchokoza mtu, alimwita kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Msichana wako ametukamulia juisi hapa hapa barabarani! Mwambie alete na vikombe!"

"Na barafu!" mwingine alidakia, na watu wakacheka kicheko kisicho na furaha.

Bartholomew hakugeuza kichwa. Alitembea moja kwa moja hadi chumba cha mitambo, akausukuma mlango. Mapadri walikuwa wamemfundisha kwamba mtu anayeingia bila salamu hana tofauti na mwizi aliyeingia kwa dirisha. Siku hiyo aliingia bila salamu.

Ndanu alikuwa ameketi mbele ya kabati la rilei, amevaa ovaroli ya buluu, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Aliinuka.

"Shikamoo, mwalimu."

"Umebadilisha viwango vya rilei?"

"Sijavigusa."

"Lazima umevigusa! Rilei haina wazimu. Haikati kwa kuwa imeamka vibaya."

"Najua haina wazimu. Ni wewe ulinifundisha."

Kweli alimfundisha, tena kwa mfano wake mwenyewe. Siku ya kwanza ya Ndanu kazini, Bartholomew hakumfungulia kitabu. Alimpeleka kwenye josho la ng'ombe. Alimwonyesha mtu mmoja aliyesimama mahali ng'ombe wanapoingia kwenye dawa, na mwingine aliyesimama mahali wanapotokea, kila mmoja akihesabu. Tazama, alimwambia, hawa wawili hawajui ng'ombe ni wa nani, wala hawajali wanakimbia au wanajikokota. Ng'ombe wakishtuka huko malishoni wakaingia mbio kwa fujo, bado walioingia ndio watakaotoka, na hesabu zitalingana. Lakini akiingia mmoja asitoke, basi amezama mle ndani, na josho lifungwe saa hiyo hiyo. Kinga ya tofauti ndiyo hiyo. Kipima mkondo kimoja kinahesabu umeme unaoingia kwenye transfoma, kingine kinahesabu unaotoka, na rilei inavisikiliza vyote viwili. Hitilafu ikitokea mbali huko kwenye nyaya, mkondo unaweza kupanda mara kumi, nayo rilei hainyanyui hata kidole, kwa maana ulioingia umetoka. Lakini tofauti ikionekana, maana yake umeme unapotelea ndani ya transfoma yenyewe, na rilei inakata kabla mtu hajapepesa jicho.

"Basi kama haina wazimu," Bartholomew alisema, "transfoma ina hitilafu ndani. Umefanya nini wiki tatu?"

"Nimepima mafuta yake mara mbili. Safi. Hakuna gesi. Nimepima nyaya za ndani, zote ni nzima. Transfoma haina kitu, mwalimu. Na tena inakata tu mzigo ukipanda. Mashine ndogo zikiwa peke yake, rilei inanyamaza."

"Kwa hiyo ng'ombe hajazama."

"Hajazama."

"Basi kuna mtu anahesabu vibaya."

Ndanu aliinamisha macho. Alianza kuokota uzi kwenye mkono wa ovaroli yake, uzi ambao haukuwapo.

"Nimekuuliza!"

"Nimeomba kituo kizimwe kwa muda wa saa tatu, nivikague vipima mkondo. Nimeomba mara nne, kwa maandishi. Meneja amekataa mara nne."

"Vipima mkondo ukague nini? Vile niliviweka mimi kwa mikono hii."

"Ndiyo, mwalimu," Ndanu alisema. "Uliviweka wewe."

Alisema hivyo kwa upole sana, na Bartholomew, ambaye masikio yake siku hiyo yalikuwa yamejaa sauti yake mwenyewe, hakusikia kitu chochote ndani ya upole ule.

Mlango ulifunguka tena, akaingia Rodgers Musau, meneja wa kiwanda, mtu mwenye shati jeupe na simu mbili. Mkononi alikuwa na faili.

"Afadhali uko hapa, mzee. Utakuwa shahidi." Akamgeukia Ndanu. "Madam, kamati inaketi saa nne. Nakuuliza mara ya mwisho. Utaizima hiyo difrensho yako, hiyo rilei, ama huizimi?"

"Siizimi."

"Hii kitu ni kama king'ora ya gari ya zamani. Hata kuku akipita inalia! Kata waya zake, tuwashe kompresa, watu wasage maembe!"

"Ukiizima," Bartholomew aliunguruma, "na siku moja hitilafu ya kweli itokee ndani ya transfoma, itawaka moto mbele yako ukiwa umeshika hizo simu zako mbili, na hutapata mtu wa kumpigia. Hapo msichana amesema kweli. Usiniletee upumbavu mbele ya macho yangu, Rodgers. Nilikujua ukiwa unavaa kaptula."

"Sawa, mzee, sawa." Rodgers alitabasamu bila kuonyesha meno. "Unamtetea kwa sababu hujaona hii."

Alifungua faili, akaweka karatasi juu ya meza na kuigonga kwa kidole. Ilikuwa orodha ya majaribio yaliyofanywa kabla ya kituo kuwashwa, mwezi wa Oktoba. Mistari ishirini, na mbele ya kila mstari alama na tarehe. Mstari wa kumi na moja peke yake ulikuwa mtupu. *Jaribio la mwelekeo wa vipima mkondo.* Hakuna alama, hakuna tarehe. Chini kabisa: A. Ndanu.

"Hakupima," Rodgers alisema. "Akatia sahihi. Barua yake ya kuachishwa kazi nimeshachapisha, na nakala inaenda kwa bodi inayotoa leseni za mafundi. Hatashika tena hata bisibisi hapa Ukambani. Na wakulima nimeshawaambia ni nani amewaozeshea maembe."

Bartholomew aliisoma karatasi mara mbili. Damu ilimpanda hadi kwenye masikio. Yeye, aliyemfundisha huyu kwamba jaribio moja likirukwa ni sawa na kutofanya lolote. Yeye, aliyewahi kumrudisha nyumbani fundi mzima kwa kuruka mstari mmoja!

"Ulitia sahihi karatasi yenye pengo!"

"Pengo niliacha ili nisiandike uwongo."

"Na kwa nini hukupima? Kazi ya nusu saa! Betri ya tochi na kipimo cha mshale, mtoto wa shule anaweza! Kwa nini?"

"Mwalimu."

"Usiniite mwalimu. Jibu!"

Ndanu aliinua uso. Kwa mara ya kwanza tangu Bartholomew amjue, hakukuwa na adabu ndani ya macho yale. Kulikuwa na hasira tupu, ya muda mrefu, iliyokunjwa vizuri kama nguo ya sanduku.

"Unakumbuka betri?" aliuliza.

Akakumbuka.

Ilikuwa alasiri ya Oktoba. Ushirika ulikuwa umemwalika aje kusimamia uwekaji wa vipima mkondo vya upande wa kutokea, bila malipo, kwa heshima. Vibarua wanane walikuwa wakimtazama kutoka chini. Alikuwa amesimama kwenye jukwaa, brashi mkononi, akimalizia kupaka rangi nyekundu uso wa tatu, wakati Ndanu alipokuja na betri kubwa ya tochi na kipimo cha mshale. "Tupime mwelekeo, mwalimu, kabla hatujashuka." Naye akamtazama kutoka juu, akasema kwa sauti ya kufika hadi langoni: "Betri? Unanipima mimi? Mimi niliweka vipima mkondo kabla mama yako hajaposwa!" Vibarua walicheka hadi mmoja akaketi chini. Ndanu aliirudisha betri mfukoni.

Bartholomew alitoka nje. Rodgers alimwita, hakugeuka. Alikwenda hadi kwenye ua wa waya, akashika waya kwa vidole, akatazama.

Vipima mkondo vitatu vya upande wa kutokea vilikuwa pale, vimeketi juu ya nguzo zao kama alivyoviacha. Kila kimoja kilikuwa na uso mmoja uliopakwa rangi nyekundu. Na nyuso zote tatu ziliuangalia mlima.

Nyekundu iangalie mlima. Hiyo ndiyo iliyokuwa amri yake kwa miaka thelathini na moja. Kipima mkondo kina nyuso mbili, na uso wenye alama ya kwanza hauna budi kuipa transfoma kisogo na kuelekea kule nyaya zinakokwenda, la sivyo kitahesabu kinyume. Alama zenyewe ni ndogo, na vumbi huzifunika, kwa hiyo akiwa bado kijana alianza kuupaka uso huo rangi nyekundu. Na kwa kuwa katika kituo chake cha mjini nyaya zote za kutokea zilielekea milima ya Iveti, aliwafundisha vibarua wasiojua kusoma maneno matatu tu. Nyekundu iangalie mlima. Hawakukosea hata siku moja. Amri ile iliimbwa wakati wa kuinua vyuma, ilifanyiwa mzaha, ilirithiwa, hadi hakuna aliyekumbuka tena kwamba mlima ulikuwa na sababu.

Hapa Katelembo mlima ulikuwa nyuma ya transfoma. Umeme uliingia kutoka upande wa mlima, na nyaya za kutokea zilishuka upande wa pili kwenda kiwandani, bondeni. Alikuwa amevigeuza vyote vitatu. Mtu wa kuhesabu ng'ombe wanaotoka alikuwa ameketishwa kinyume, na kila ng'ombe aliyetoka alimhesabu kama aliyeingia. Rilei, badala ya kuona moja toa moja, iliona moja na moja. Mashine ndogo zikifanya kazi peke yake, kosa lilikuwa dogo, ikavumilia. Kompresa ikiwaka, ikaona ng'ombe mia wamezama kwa wakati mmoja, ikafunga josho. Ilifanya kazi yake kwa uaminifu wote. Mara saba ilimwambia ukweli.

Alisikia hatua za Ndanu nyuma yake.

"Ulijua?" alimuuliza bila kugeuka.

"Nilishuku. Tangu kukata kwa pili."

"Na ukanyamaza!" Hasira ilikuwa bado inatafuta mahali pa kwenda. "Wiki tatu maembe yanaoza, na wewe umenyamaza!"

"Ningesema nini? Nisimame mbele ya Rodgers niseme Mzee Kisilu ameweka kinyume, na bado sijapima? Na kama ningekuwa nimekosea? Ni nani angenisikiliza tena, wewe ukiwa wa kwanza?" Alisogea hadi mbele yake. "Niliomba nipime. Kupima tu. Jina lako sikulitaja hata kwa karatasi moja. Na nimetemewa mate pale langoni, mwalimu. Jana mama mmoja wa umri wa mama yangu amenitemea mate kwa kiatu. Mimi niko na watoto wawili na leseni moja. Nimekulinda vya kutosha. Leo saa nne ningewaambia, upende usipende."

Bartholomew aliachia waya wa ua, akageuka.

"Lete betri," alisema.

Kamati ilipofika, wanaume watano na wanawake wawili, waliwakuta wote wawili wakiwa wamesimama kwenye lango la ua. Mwenyekiti wao, Muthoka, mzee mfupi mwenye kofia ya sufi hata wakati wa joto, aliuliza kuna nini.

"Kuna kupima," Bartholomew alijibu. "Rilei imekata tangu alfajiri, kituo kimezimika chenyewe. Tupeni nusu saa kabla ya kusoma barua yoyote."

Rodgers alianza kupinga. Muthoka alimwinulia mkono. "Nusu saa haitaozesha kilichooza."

Ndanu alifungua swichi za pande zote mbili, akazifunga kwa kufuli lake mwenyewe, akaunganisha nyaya na ardhi ili usibaki umeme wa kumdhuru mtu. Aliwaonyesha kamati kipimo cha mshale. "Nikigusisha betri, chanya ikiwa upande wa kiwandani, mshale unafaa kuruka kulia. Ukiruka kushoto, kipima mkondo kimewekwa kinyume. Ni hivyo tu."

Alipanda jukwaani. Bartholomew alishika kipimo chini, mbele ya macho yote, mikono ikiwa imenyooka kama ya mtu aliyeshika mshumaa wa ibada.

"Sasa!" Ndanu aliita.

Mshale uliruka kushoto.

"Tena," Bartholomew alisema.

Kushoto.

Walikwenda cha pili, kushoto. Cha tatu, kushoto. Kila mara Bartholomew alisema "tena," na kila mara mshale ulimpiga kofi lile lile. Wanakamati hawakuelewa umeme, lakini kulia na kushoto walielewa.

Rodgers alimshika mkono, akamvuta kando kidogo, akashusha sauti hadi ikawa ya kirafiki.

"Mzee, mambo yameisha, si ndiyo? Ageuze hizo waya, tuwashe, tuendelee. Jina lako halina haja ya kuingia hapa. Wewe ni mtu wa heshima, na Jumapili unasoma masomo kanisani. Huyu tayari ana barua. Na barua haisemi uwongo: jaribio halikufanywa, sahihi ni yake. Wakulima wameshamjua. Tukibadilisha sasa, tutaonekana sisi wote wajinga."

Kwa muda wa pumzi moja, Bartholomew aliona njia ile ikiwa imefunguka mbele yake, pana na kavu. Aliona Jumapili, na watu wakimpa mkono nje ya kanisa. Halafu aliuona mkono wa Rodgers juu ya mkono wake, na hasira yote ya asubuhi, iliyokuwa imezunguka ikimgongea mlango kila mtu, ilipata hatimaye nyumba yake.

"Niachie mkono," alisema. "Unanitaka niwe mtu wa heshima kwa mgongo wa mtu? Kalamu iko wapi? Lete hiyo karatasi. Lete kabla sijakuaibisha mbele ya waliokuajiri!"

Aliiweka karatasi juu ya boneti ya gari la Rodgers, na kwenye mstari wa kumi na moja, kwa ule mwandiko ambao mapadri walimpigia rula hadi ukanyooka, aliandika: *Jaribio hili halikufanywa kwa sababu mimi nilimkataza fundi kulifanya. Vipima mkondo niliviweka mimi, kinyume. Bartholomew Kisilu.* Nafasi haikutosha. Maneno ya mwisho yalipanda pembeni.

Kisha akaenda nayo langoni. Hakuna aliyemtuma. Alisimama kati ya kreti, nzi wakimzunguka, akaisoma kwa sauti kuanzia neno la kwanza hadi jina lake.

Halafu Ndunda, ambaye hakuwahi kukosa nafasi, alisema, "Kwa hiyo, mzee, vikombe tulete kwako?"

Wachache walicheka. Mwanamke mmoja hakucheka. "Na maembe yangu?" aliuliza. "Karatasi yako itayarudisha?"

"Haitayarudisha," Bartholomew alisema. "Yangu pia yako hapo, kreti kumi na tisa. Hayo niliyaozesha mwenyewe. Yenu niliyaozesha pia. Na wewe uliyemtemea mate fundi, kama uko hapa, ulimkosea mtu. Mate yale yalikuwa yangu."

Hakungoja waseme kitu. Aliporudi ndani, Muthoka alikuwa amekwisha kumnyang'anya Rodgers ile barua na kuikunja mara nne.

"Andika nyingine," mwenyekiti alimwambia meneja. "Utueleze kwa nini mtu anakuomba saa tatu za kupima, mara nne, kwa maandishi, na wewe unamnyima. Tutaisoma wote."

Ndanu alikuwa tayari ndani ya kabati la nyaya, akibadilishana ncha ndogo za kila kipima mkondo, ya kwanza mahali pa ya pili, ili hesabu igeuke bila kushusha vyuma vizito. Alipomaliza, alitoka na patasi ndogo na kipande cha msasa. Alimpa Bartholomew bila kumtazama.

"Ile rangi," alisema. "Ifute. Mtu mwingine akija hapa asiiamini."

Miaka sitini na tisa si umri wa kupanda jukwaa, lakini alipanda. Alikwangua uso wa kwanza, wa pili, wa tatu. Jua lilimchoma kisogo, maganda mekundu yakamwangukia kwenye suruali ya kaki. Hakuna aliyecheka chini. Alitamani mtu acheke.

Aliposhuka, Ndanu alikuwa amesimama pale pale, betri mkononi.

"Umefuta zote?"

"Zote."

"Nitapanda nihakikishe. Na napima upya, zote tatu."

Neno lilimjia mdomoni, lile lile la Oktoba. Alilimeza. Lilikuwa kubwa.

"Pima," alisema.

Ndanu alipanda, akagusa kila uso kwa kidole. Walipima. Kulia. Kulia. Kulia. Kisha aliondoa nyaya za ardhi, akafungua kufuli lake, na kabla ya kuingia chumba cha mitambo aligeuka.

"Mwalimu, uko mbele ya mstari."

Bartholomew alitazama chini. Viatu vyake vilikuwa vimevuka mstari wa manjano ambao mtu asiye na kazi haruhusiwi kuuvuka wakati umeme unarudi. Yeye ndiye aliyemfundisha mstari huo pia. Alirudi nyuma hatua mbili.

Transfoma ilianza kunguruma. Mashine ndogo ziliamka moja moja. Halafu, ng'ambo ya ukuta, kompresa kubwa ilijikohoza, ikavuta pumzi, ikawaka. Na kila mtu ndani ya ua, hata Rodgers, alishikilia pumzi yake akingoja kusikia kishindo cha kukatwa.

Hakikuja. Kompresa iliendelea kuunguruma. Kupitia dirisha, Bartholomew aliweza kumwona Ndanu ameinamia rilei, akisoma tofauti kati ya kilichoingia na kilichotoka, na alijua bila kuambiwa kwamba namba ile ilikuwa karibu na sifuri.

Langoni wakulima walikuwa wameanza kutenga maembe mazima na yaliyooza, wakigombana kwa sauti. Bartholomew hakwenda kuwasaidia bado. Alibaki nyuma ya mstari wa manjano, akiwa na maganda mekundu kwenye suruali, hasira yake yote ikiwa imerudi kwake mwenyewe, akimngoja Ndanu atoke amwambie kama anaruhusiwa kuondoka.